Sherehe ya mama isisubiri hitima

Juzi dada mmoja wa Leicester, hapa Uingereza, msomaji wangu wa siku nyingi, ameniandikia. Mama yake anakuja kutoka Mombasa na atatimiza miaka 70 akiwa huku. Anatamani kumpeleka kwenye ile migahawa ya hadhi ambako unaletewa sahani ndogo ndogo zinazofuatana, moja baada ya nyingine, kwa menyu aliyoipanga mpishi. Anaogopa mambo mawili: bei, na maneno ya ndugu. Nilimjibu kwa kifupi, lakini jambo lenyewe limenikaa moyoni, kwa sababu yote mawili yamenipata.

Mama yangu alitimiza miaka 65 akiwa kwangu London. Kila mtu alisema tupike pilau nyumbani. Mimi nikakataa katakata. Tangu nina akili zangu, mama huyu amepikia shughuli za mtaa mzima kule Tanga: harusi, maulidi, arobaini. Wageni wanakula, yeye yuko nyuma kwenye moshi, na akija kukaa amebakiwa na ukoko. Ungefanya sherehe nyumbani, angejifunga kanga kiunoni akaingia jikoni kukuna nazi mwenyewe, na hakuna wa kumtoa. Nilitaka siku moja akae, aletewe, aulizwe kama ameshiba.

Pesa niliiweka pembeni kutoka kwenye zamu za usiku. Nasema hivi kwa fahari, maana si ya mtu.

Nikachagua mgahawa wa Chishuru, pale Great Titchfield Street, London. Mpishi wake ni Adejoké Bakare, mzaliwa wa Kaduna, Nigeria. Mwaka 2019 alishinda shindano la upishi Brixton, kusini mwa London, mwaka uliofuata akafungua mgahawa wake hukohuko, na mwaka 2023 akahamia katikati ya jiji. Februari 2024 akapewa nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata Uingereza. Lakini nyota siyo iliyonivuta. Nilitaka mama aketi mahali ambapo mwenye jiko ni mwanamke anayefanana naye.

Na hapo nina kidonda. Miaka ya nyuma nilikwenda mgahawa mwingine, jina nalihifadhi, siku ya kuzaliwa kwangu. Mhudumu aliniuliza mara mbili kama nimeziona bei, halafu akatuweka karibu na mlango wa choo ilhali meza za dirishani ziko tupu. Nilikula nikimeza na machozi. Mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukikaribishwa vibaya, ondoka kabla hujaagiza. Usimketishe mama yako kwenye dharau.

Ushauri wa pili: sema mapema, na sema yote. Watu wengi wanadhani wakiulizwa kuhusu aleji basi mambo yamekwisha. Sheria ya hapa inaulazimisha mgahawa kukupa taarifa za vitu 14 vinavyodhuru watu, kama karanga, maziwa, mayai, kaa na kamba. Nguruwe hayumo kwenye orodha ile, wala pombe. Na jiko la namna hii hutia mvinyo kwenye michuzi mingi, tena vitu vitamu vinavyotetemeka huweza kugandishwa kwa jelatini ya nguruwe. Mimi niliandika barua pepe siku nyingi kabla: hatuli nguruwe, hatutaki pombe hata tone kwenye mchuzi, mama ataridhika na samaki na mboga. Ukisubiri kusema mezani, mpishi ameshachemsha supu tangu asubuhi na hawezi kukusaidia.

Siku yenyewe mama alivaa gauni la kijani na mtandio wa harusi ya mdogo wangu. Ikaja sinasir, kile kimkate cha mchele uliochachuka wa kaskazini ya Nigeria. Akakigeuza kwa kidole, akaangalia vitundu vya juu, akanusa. “Mwanangu, hivi si vibibi hivi? Sukari tu hawakutia.” Akala taratibu, macho chini, namna anavyoonja mboga ya mtu aliyemheshimu. Mhudumu alipokuja kuondoa sahani, mama akaniambia nimtafsirie: waliopika wapewe salamu, mchele wameuroweka vizuri.

Bili ilipokuja niliilipa yote pamoja na asilimia za huduma. Asilimia hizo, mara nyingi 12.5, kwa kawaida si lazima, na una haki ya kuomba ziondolewe. Ila tangu Oktoba 2024 sheria inataka pesa hiyo iwafikie wafanyakazi yote. Sisi tunaosimama kutwa kazini tunajua maana yake. Toa.

Kisha nikatuma picha kwenye grupu la ukoo. Jibu la kwanza: “Sahani beseni, chakula kijiko.” La pili: pesa hiyo ungemalizia ukuta wa uani. Na aliyeandika hilo la ukuta ni mtu niliyemlipia ada ya chuo.

Iliniuma, bado inaniuma, na nitalisema hapa. Mama akifariki, ukoo huu huu utakodi basi, utachinja ng’ombe, utanunua magunia ya mchele, na hakuna atakayeuliza ukuta. Tunachangishana usiku kucha kwa ajili ya mtu asiyeweza tena kuonja. Akiwa hai, nani amewahi kumuuliza anapenda kula nini? Ndugu zangu, tuacheni hiyo. Mwenye uwezo wa mgahawa, ampeleke mgahawani. Mwenye uwezo wa samaki wa kupaka, amnunulie, ampikie yeye, mama akae.

Dada wa Leicester, kuhusu bei, ulizia meza ya mchana. Migahawa mingi huwa na menyu fupi ya mchana kwa bei nafuu, na jiko ni lilelile. Wengi watachukua namba ya kadi na kukukata ukighairi dakika za mwisho, basi usibuku kabla viza ya mama haijatoka. Na picha usizitume wewe. Mpe mama azitume kwa simu yake. Wangu alizituma kesho yake, na grupu zima likaandika mashallah.