"Safari ya ndani" ya shujaa inaelekea wapi?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu mtu aliyeacha pombe baada ya kunywa miaka mingi. Mwandishi anamwita shujaa, nami nimeandika kwamba ushujaa wake ni "safari ya ndani ya ukuaji wa kibinafsi". Mwenzangu anasema shujaa ni wa vitani tu, tena sentensi yangu haieleweki. Nani yuko sahihi? – Mfasiri, Morogoro

JIBU: Kuhusu shujaa, mwenzako amekaza mno. Tanzania, kila 25 Julai tunawakumbuka mashujaa waliokufa vitani, ndiyo maana sikio letu likisikia neno hilo husikia na bunduki. Lakini Kenya, Katiba ya 2010 iliigeuza Sikukuu ya Kenyatta kuwa Sikukuu ya Mashujaa, 20 Oktoba, na siku hiyo hata wanariadha husifiwa. Mwite shujaa bila wasiwasi. Ukitaka neno jingine, "mshupavu" ndilo uliogope kidogo: limetokana na kushupaa, na mlevi asiyesikia la mtu naye ni mshupavu!

Kuhusu sentensi, hapo nakubaliana naye. "Safari ya ndani" ni ndege ya Dar es Salaam kwenda Mwanza. Na hilo "kibinafsi" lina hatari zaidi. Shule binafsi, mali binafsi: ni kusema kitu si cha serikali, kina mwenyewe. Ukisogea hatua moja tu umeangukia ubinafsi, yaani tabia ya kujijali mwenyewe, nawe ulitaka kumsifu mtu.

Umefuata nomino za makala uliyonayo, kama "safari" na "ukuaji", wakati Kiswahili mambo haya huyasema kwa vitenzi. Mtu hushindana na nafsi yake, hujikaza, hupiga moyo konde, mwisho hukomaa. Hili la kukomaa nalipenda: tunda hukomaa, na mtaani ukiambiwa "komaa" maana yake usilegee. Yote mawili yanamfaa huyo bwana wako. Kupevuka nako kungefaa, ila ukikutumia kwa msichana, wengi wataelewa kwamba amevunja ungo.

Mimi ningeandika hivi: "Alishindana na nafsi yake miaka mingi, akaanguka, akajikaza tena, hata akakomaa. Huyu naye ni shujaa."

Wakiwa wengi, andika "mashujaa hawa", si "mashujaa haya". Ni rahisi kukosea hapo.