Goti likianza kutekenya, usisubiri livimbe

Mwanangu ana hemofilia A kali, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, yenye inhibita. Mwili wake umetengeneza kingamwili zinazoishambulia fakta ya 8, protini ya kugandisha damu, kwa hiyo dawa inayowasaidia wenzake kwake haifui dafu. Hali hii huwapata karibu watu 3 katika kila 10 wenye hemofilia A kali, basi mzazi mwenzangu, usijione umeonewa peke yako.

Jioni moja aliniambia goti linamtekenya kwa ndani. Nililishika, nikalilinganisha na la pili, nikaona yako sawa. Nikamwambia alale. Alfajiri lilikuwa limejaa, lina moto, ngozi inang'aa, hawezi kulikunja wala kulinyoosha. Tulichoma NovoSeven, dawa ya kusimamisha damu kwa wenye inhibita, kila baada ya saa 2, kisha 3, usiku na mchana, na bado alichechemea wiki nzima. Bado inaniuma, kwa sababu mtoto alishaniambia: mtekenyo ule ulikuwa dalili ya damu kuanza kuvuja ndani ya goti. Siku hizi akitamka tu neno "linatekenya", nachanganya dawa kwanza, maswali baadaye. Kisha barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na mguu unapumzishwa. Aspirini, ibuprofeni na sindano za msuli hazimgusi. Akigonga kichwa, dawa hutangulia, picha za hospitali hufuata.

Sasa anachomwa Hemlibra, dawa ya kukinga damu isivuje, chini ya ngozi, na kuvuja kumepungua sana, namshukuru Mungu. Lakini dawa hiyo huzuia tu. Damu ikishaanza kuvuja, bado anahitaji NovoSeven. FEIBA, dawa nyingine ya kusimamisha damu, akichomwa huku anatumia Hemlibra, hasa ikizidi yuniti 100 kwa kila kilo kwa siku, kwa saa 24 au zaidi, inaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Kila anayemhudumia lazima alijue hili kabla hajashika sindano.

Kuna jambo jingine ambalo sikuambiwa mapema. Hemlibra hufanya kipimo cha APTT, kinachopima damu inavyoganda, kisome vizuri hata damu inapovuja. Siku moja alikuwa anatembea ameinama, paja halinyooki, maumivu yako kwenye kinena. Majibu yakaja safi, tukaambiwa turudi nyumbani. Nilikataa kuondoka mpaka daktari wake wa damu alipopigiwa simu. Alikuwa anavujia kwenye msuli wa ndani ya nyonga.

Tangu siku hiyo anatembea na kadi: aina ya hemofilia, inhibita, Hemlibra, dozi yake ya NovoSeven, simu ya daktari. Iko mfuko wa mbele wa begi, na anajua kuitoa mwenyewe.