Fomu ya mlangoni au hesabu ya ukumbini? Wakala wa Likoni auliza

SWALI: Shikamoo Wakili. Mimi ni kijana wa Likoni, Mombasa. Agosti 2022 nilikuwa wakala wa mgombea wa kiti cha mwakilishi wadi katika kituo kimoja cha shule ya msingi. Tulipomaliza kuhesabu usiku, mgombea wetu alikuwa na kura 214 na nikaziandika kwenye daftari langu. Kwenye ukumbi wa kujumlishia, kituo chetu kikasomwa 124. Tukashindwa kwa kura 61. Nilipolalamika niliambiwa matokeo yashatangazwa, tungoje gazeti rasmi la serikali ndipo twende kortini. Tukangoja, tukahesabu siku 28 kuanzia gazeti, na tulipofika kwa wakili akatuambia zimekwisha pita. Isitoshe, fomu ya kituo sikuisaini. Mkubwa wa mawakala wetu alinipigia simu akasema nisisaini kitu, na kwa kuwa sikusaini, nikanyimwa nakala. Ipi ndiyo hesabu ya sheria, ya darasani au ya ukumbini? Siku zahesabiwa tangu lini? Na mbona fomu za urais tuliziona kwenye intaneti lakini za wadi hazikuwako? Nataka kuwa wakala tena 2027.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo chungu tulimalize: kesi ya 2022 imekufa, na hakuna mahakama itakayoifufua. Lakini uliyouliza ndiyo hasa mambo ambayo mawakala hawafundishwi. Nitayajibu kwa kirefu, kwa sababu watu 214 waliopanga foleni tangu alfajiri hawastahili kupotelea njiani baina ya darasa na ukumbi.

Hesabu ya sheria ni ya darasani. Kifungu cha 86 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe na msimamizi wa kituo palepale kituoni. Kazi ya afisa wa ukumbini ni kuyakusanya na kuyajumlisha yaliyotoka vituoni. Hana mamlaka ya kuyapika upya. Akiona kwenye fomu ya kituo 214, basi kwenye fomu yake lazima iwe 214.

Hili lina historia, na ukiijua utaelewa kwa nini mimi nalishikilia hivi. Zamani masanduku yalifungwa vituoni, yakapakiwa magarini, yakapelekwa kuhesabiwa katika ukumbi mmoja wa eneo bunge. Wazee wetu walikesha wakilinda masanduku barabarani, maana kila mtu alijua safari ile ndiyo iliyokuwa na hatari. Ni mwaka wa 2002 ndipo tulipoanza kuhesabia kura vituoni. Hatari ikahama. Mwaka wa 2007 kura zilihesabiwa madarasani, lakini ujumlishaji na upitishaji wa matokeo ukavurugika, nchi ikawaka, na tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ikasema haiwezekani kujua kwa hakika nani alishinda urais. Tume ya uchaguzi ya wakati ule ikavunjwa. Kwa hivyo kifungu cha 86 hakikuandikwa kwa mapambo. Kiliandikwa na watu waliokuwa wametoka kuzika.

Juni 2017, Mahakama ya Rufaa ikalipigilia msumari katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai dhidi ya tume ya uchaguzi. Suala lilikuwa urais: je, mwenyekiti wa tume kule Nairobi aweza kubadilisha matokeo yaliyotangazwa chini? Mahakama ikasema hapana, na ikaeleza kwamba kituo cha kupigia kura ndipo mahali penyewe mpiga kura anapotoa uamuzi wake. Ikiwa mwenyekiti wa tume hawezi kugusa hesabu ya kituo kwa kiti cha urais, sembuse afisa wa eneo bunge kwa kiti cha wadi?

Sasa fomu zenyewe. Kila kiti kati ya sita tunavyovipigia kura kina namba yake: urais 34, ubunge 35, mwakilishi wadi 36, ugavana 37, useneta 38, mwakilishi wa kike 39. Herufi A ni ya kituo. Kwa hivyo kura zako 214 ziliishi katika Fomu 36A, na 124 ikazaliwa katika Fomu 36B, ile ya kujumlishia. Fomu ya ukumbini ikipingana na ya kituo, ya kituo ndiyo asili.

Hapo ndipo swali lako la intaneti linapoingia. Sheria ya Uchaguzi yataka picha ya fomu itumwe kwa mtambo moja kwa moja kutoka kituoni kwa kiti kimoja tu, urais. Ndiyo sababu mwaka wa 2022, Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani na kila Mkenya akajumlishia nyumbani kwake. Kesi ya urais ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliweza kulinganisha karatasi na picha, na katika uamuzi wa tarehe 5 Septemba hawakuona tofauti kubwa. Fomu 36A haina ulinzi huo. Inapanda gari usiku pamoja na masanduku, na macho ya nchi nzima yako kwa 34A. Nasema hili kwa uchungu: kadiri kiti kilivyo karibu na mwananchi, ndivyo karatasi yake inavyosafiri peke yake. Mwakilishi wadi ndiye mnayemtafuta mtaro ukiziba Timbwani au taa za barabarani zikizimika Mtongwe, lakini hesabu yake inategemea kinachoshikwa na wakala mkononi. Wakala wa wadi ana kazi nzito kuliko wakala wa urais. Vyama vyafanya kinyume, vinawapa semina wale wa urais na kuwapa fulana wale wa wadi.

Kuhusu kusaini, mkubwa wako alikushauri vibaya. Kanuni za uchaguzi zinasema wazi kwamba wakala kukataa kusaini, au kutokuwepo kabisa, peke yake hakubatilishi matokeo. Kwa hiyo kukataa hakukumdhuru mpinzani hata chembe. Na hapa ajabu yake ni kwamba hesabu ya fomu ile ilikuwa yako! Ulikataa kuweka mkono kwenye karatasi iliyosema 214. Kama ungekuwa na lalamiko, kanuni zakuruhusu kueleza sababu za kukataa, na msimamizi anapaswa kuziandika. Kukataa kimya kimya hakuachi alama yoyote ya kumsaidia jaji.

Aliyekunyima nakala naye alikosea. Nakala si zawadi ya kusaini. Msimamizi anatakiwa atangaze matokeo, aombe mawakala waliopo watie sahihi, ampe kila chama, mgombea au wakala nakala, kisha abandike nyingine mahali pa umma penye mlango wa kituo. Hiyo ya mlangoni ndiyo ungeikimbilia. Simu ulikuwa nayo, kwani ndiyo uliyopigiwa ukaambiwa usisaini. Picha moja ya fomu ile ingetosha kuanzia kesi.

Daftari lako lina uzito, lakini mdogo. Ni maandishi yako mwenyewe, na wakili wa upande wa pili atakuuliza mbona hukuyaandika kwenye fomu. Picha ya simu ni ushahidi halali kwa masharti: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka iambatane na cheti kinachoeleza imepigwa kwa chombo gani na imetolewa vipi. Kwa hivyo usiifute, usiikate pembeni, usiitume kwa watu kumi kisha ukapoteza simu. Hakikisha namba ya kituo yaonekana, kwa sababu sheria yaruhusu wapiga kura 700 tu kwa kituo, na shule moja yaweza kuwa na vituo vitano, kila kimoja na fomu yake. Vya Likoni namba zake huanza na 001, ambayo ni Mombasa, kisha 005, ambayo ni Likoni. Nimewahi kuona kesi ikiyumba kwa sababu wakala alipiga picha majina na hesabu tu, akaacha namba juu.

Jambo jingine usilotaja: ukiwa bado darasani na hesabu ikakutia shaka, wakala ana haki ya kuomba kura zihesabiwe upya, si zaidi ya mara mbili. Baada ya kutoka pale, haki hiyo imekwisha na kuirudisha ni mpaka korti iamuru masanduku yafunguliwe.

Sasa siku 28, nami hapa nataka unisikize kwa makini, maana somo hili lilitoka hapa hapa Mombasa. Uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza wa kaunti, Hassan Joho alitangazwa gavana na mpinzani wake Suleiman Shahbal akaenda kortini. Wakati ule Sheria ya Uchaguzi ilisema siku 28 zaanza matokeo yakichapishwa katika gazeti rasmi. Shahbal alihesabu hivyo, akawahi. Lakini Katiba, kifungu cha 87(2), yasema siku 28 baada ya tume kutangaza matokeo, na haitaji gazeti. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka wa 2014 majaji wakaamua kwamba kutangaza hukamilika afisa wa uchaguzi anapotoa cheti kwa mshindi. Kile kipande cha sheria kilichotaja gazeti kikabatilishwa, na kesi ya Shahbal ikaanguka kwa kuchelewa, bila hata kufikia swali la nani alipata kura ngapi. Tangu hapo kila wakili wa uchaguzi nchini ahesabu siku kwa mfano wa Mombasa. Yule aliyewaambia mngoje gazeti huenda hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasema sheria iliyokufa miaka minane kabla.

Kila kiti kina saa yake. Mnakumbuka 2022, mkesha wa uchaguzi, ugavana wa Mombasa na Kakamega uliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na kasoro za picha za wagombea, ukaja kufanyika tarehe 29 Agosti. Wadi na ubunge hazikungoja. Wapo waliodhani kesi zote za kaunti zitaanza pamoja baada ya gavana kutangazwa. La. Saa ya wadi yako ilianza kupiga siku mwakilishi wenu alipopewa cheti, wakati kampeni za ugavana bado zinanguruma Kongowea. Urais nao una kalenda yake ya haraka zaidi: siku 7 za kuwasilisha, siku 14 za kuamua.

Mambo ya korti nitayapitia upesi. Kesi ya wadi husikizwa na hakimu. Ya ubunge, useneta, mwakilishi wa kike na ugavana huenda Mahakama Kuu. Dhamana ya gharama kwa kesi ya wadi ni shilingi 100,000, na kwa gavana au mbunge 500,000, zikilipwa ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha. Walalamikiwa wapelekewe karatasi ndani ya siku 15. Kisha utaulizwa swali la kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi: je, kosa liliathiri matokeo, au uchaguzi uliendeshwa kinyume cha misingi ya Katiba? Kwenu jibu lilikuwa rahisi. Kura 90 zilipotea, nanyi mlishindwa kwa 61. Ukizirudisha, mgombea wenu ashinda kwa 29. Nimesikitika kuliandika hilo, lakini ni haki yako kulijua.

Lakini kabla ya korti kuna nafasi moja mliyoiacha, na ndiyo ningependa uishike zaidi kwa 2027. Afisa wa ukumbini akinakili vibaya kutoka 36A kwenda 36B, anaweza kusahihisha papo hapo, madhali hajatangaza. Akishatoa cheti, mkono wake umekwisha, na aliyebaki ni hakimu. Maana yake mgombea awe na mtu ndani ya ukumbi mwenye nakala za vituo vyote vya wadi, zimepangwa kwa namba, akifuata kila kituo kinaposomwa. Ikisomwa 124 na karatasi yake yasema 214, anyanyue mkono wakati uleule na amwombe afisa atoe 36A ya asili iangaliwe mbele ya wote. Nyinyi mliisikia 124 ikisomwa ukumbini, lakini nakala hazikuwamo.

Uchaguzi ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo nenda na kalamu mbili, simu yenye chaji na betri ya akiba, maana kura za urais huhesabiwa kwanza na zenu zitafikiwa usiku mkubwa, wakati wenzako wamelala juu ya madawati. Usilale. Kila karatasi msimamizi anatakiwa aisome kwa sauti na kuionyesha, basi iangalie. Fomu ikijazwa, isome, saini, andika lalamiko ukiwa nalo, dai nakala, ipige picha, kisha toka nje upige picha ile ya mlangoni pia. Nakala ya karatasi mpelekee mtu wa ukumbini mkononi kwa mkono, usimpe dereva wa bodaboda. Na siku cheti kitakapotolewa, chukua bahasha, andika tarehe hiyo juu yake, hesabu siku 28, na uandike ya mwisho chini yake kwa wino mwekundu.