Hasara, kufeli na kipigo: Kiingereza kina maneno yanayotembea pamoja

Wiki hii wengi mmeuliza jinsi ya kusema kwa Kiingereza kwamba mambo yameenda mrama. Nimechukua machache.

Swali: Niliandika kwenye ripoti "we got a big loss", bosi akanirudishia. Nimekosea wapi?

Umekosea kwenye "kupata". Kwetu kupata kunabeba kila kitu, unapata mtoto, unapata kazi, unapata ajali, unapata hasara, sasa mtu akikaa kuandika Kiingereza anachukua "get" anaibandika kila mahali. Biashara ikila hasara sema "made a loss" au "suffered a loss", zikiwa kubwa kweli kweli ni "heavy losses", heavy ile ile ya kwenye mvua. Ajali nayo ni "had an accident". Hiyo "suffer" ishikeni jamani, inabeba mabaya mengi: suffer a defeat, suffer a setback, suffer injuries. Na uwe makini, ukimwambia mtu una "loss" bila kutaja hela anaweza kudhani umefiwa, maana kwenye pole za msiba wanasema "sorry for your loss".

Swali: Ni "fail in the exam" au "fail the exam"?

"Fail the exam." Nimeshalijibu hili sijui mara ngapi.

Swali: Nimepata D mbili, naweza kuandika "catastrophic results" ili barua iwe na uzito?

Hapana. D mbili ni "poor results" au "disappointing results", basi, na hiyo poor haihusiani na umaskini. Hii tabia ya kuokota neno kubwa kwenye kamusi inaniumiza sana. Kijana mmoja alinionyesha barua ya kuomba kurudia mtihani, mistari sita tu, humo ndani kuna "disastrous", kuna "devastating", kuna "tragic", nikamwambia futa zote weka "poor" moja. Anayesoma anataka kujua kilichotokea, ukimpigia makelele anaacha kukuamini. Kila neno lina kipimo chake: timu ikifungwa moja bila ni "narrow defeat", ikila tano ni "heavy defeat" au "crushing defeat", yaani imepondwa. "Abject failure" ni kufeli kwa aibu, usimwandikie mtu hivyo kama hutaki ugomvi.

Swali: Karatasi ya hospitali imeandikwa "negative", ni matokeo mabaya?

Kwenye vipimo negative maana yake kilichotafutwa hakijaonekana, ukipimwa malaria ikaja negative basi vimelea havikuonekana. Ila "negative results" kwenye ripoti ya kazi ni mabaya kweli, maneno ni yale yale. Nimewahi kumkuta ndugu yangu kwenye benchi analia, karatasi mkononi, kidole kimeganda juu ya hilo neno, na kumbe alikuwa salama. Tafadhali msijitafsirie majibu ya hospitali, muulize daktari kabla hujatoka chumbani kwake.

Swali: Result, outcome na consequence si zote ni matokeo?

Kwenye kamusi ndio. Kwenye matumizi, "result" na "outcome" hazina upande, zinasubiri neno la mbele yake, lakini "consequences" imezoea ubaya: dire consequences, serious consequences, suffer the consequences. Hata "cause" iko hivyo, inapenda problems, damage, delays. Ukiandika "my child caused happiness" inasikika vibaya, andika "brought". Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alishasema mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao, kwa hiyo ukiandika neno jipya kwenye daftari liandike na mwenzake.

Swali: "Strongly disappointed" ipo?

Andika "bitterly" au "deeply". Strongly ipeleke kwa "disagree".