Programu Imesema ni Minimoog? Iulize Imejuaje

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nina faili la zamani la muziki wa kompyuta ya Amiga, aina ya MOD, lenye sampuli 15, yaani vipande vifupi vya sauti vilivyorekodiwa. Mbili zinaninyima usingizi: besi iliyopewa jina "moogbass", na sauti ya vayolini nyingi kwa pamoja. Nimezipitisha kwenye programu ya kutambua vyombo. Imenijibu kwamba besi ni Minimoog kwa asilimia 92 na vayolini ni Juno-106 kwa asilimia 81, zote mbili sintesaiza (vinanda vya kuunda sauti kwa umeme) za analogi, yaani za saketi za umeme badala ya tarakimu. Hata kwa sikio langu nasikia analogi tupu: sauti nzito, laini, yenye mikwaruzo kidogo. Nataka kununua Minimoog iliyotumika ili niupige upya wimbo huo ulivyokuwa. Je, nitakuwa nimepatia? Faili nimekutumia.

JIBU: Usinunue kitu. Besi yako haikutoka kwenye Minimoog, na hizo vayolini hakuna mtu mkweli atakayezitajia mashine kwa ushahidi uliomo kwenye faili. Wiki haipiti bila mtu kuniletea asilimia 92 yake, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu na kwa ukali kidogo. Ukali huo si wako.

Nianze na besi maana inajibika. Nimeitoa ndani ya faili nikaisoma kwa kasi ya noti ya C-2, pale Paula, chipu ya sauti ya Amiga, inapopewa namba 428. Kwa Amiga za PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya) unagawa mapigo ya saa yake, 3,546,895 kwa sekunde, kwa 428, unapata sampuli 8,287 kwa sekunde, na hapa sampuli ni kipimo kimoja cha wimbi. Nikalikuza wimbi kwenye skrini, kisha nikazifuata harmoniki (masafa ya juu yanayoandamana na noti yenyewe) moja moja tangu mpigo wa kwanza hadi sauti inapozima. Ya tatu inaanza na nguvu, inazama karibu kupotea, halafu inaibuka tena wakati ya tano ingali inashuka. Kichujio cha Minimoog, kile kinachopunguza masafa ya juu, hakina tabia hiyo. Kinapojifunga hukata kuanzia juu kuja chini: za juu hutangulia, za chini hufuata, na iliyokwisha kwenda hairudi. Harmoniki ya kuzama na kuibuka ni alama ya usanisi wa FM, ambamo wimbi moja hutikisa masafa ya jingine. Mtikiso ukipungua, kila harmoniki hupanda na kushuka kwa ratiba yake yenyewe.

Utasema oskileta (vyanzo vya wimbi) mbili za analogi zisipolingana sawasawa nazo huzifanya harmoniki zipwe na kujaa. Kweli kabisa, ila kupwa na kujaa huko kuna hesabu: ya pili hupwa mara mbili kwa kasi ya ile ya kwanza, ya tatu mara tatu, na kuendelea. Nimeipima yako, na hesabu hiyo haimo.

Basi ni FM, na FM iliyokuwa mikononi mwa watu miaka ile ilikuwa ya Yamaha: DX7 ya 1983 yenye opereta sita (opereta ni chanzo kimoja cha wimbi katika FM), DX21 ya 1985 yenye nne, TX81Z ya 1987 yenye nne pia lakini zinazoweza kuchagua kati ya mawimbi manane badala ya lile moja la sini. Kwa nini nisikutajie moja tukamaliza? Kwa sababu besi yako inaelezeka kwa opereta mbili tu, na kazi ya opereta mbili mashine zote hizo zinaiweza. Sikio linaishia hapo. Kinachobaki ni kulinganisha, na nitakuonyesha namna yake.

Lakini kwanza hili linalonichosha. Watu wameshaamini kwamba mikwaruzo na uzito ndiyo analogi. Huo unaousikia ni Amiga yenyewe! Sampuli zake ni za biti 8, yaani ngazi 256 tu kati ya chini kabisa na juu kabisa, kama desibeli 48 za nafasi, na chini ya hapo ni vumbi. Kwa sampuli 8,287 kwa sekunde, chochote kilichokuwa juu ya hertzi 4,143 hakimo kwenye faili. Kung'aa kule kwa kioo kunakoifanya DX7 ijulikane toka chumba cha pili kunaishi hukohuko juu. Ukishakukata, kinachobaki ni tumbo la sauti, na tumbo la FM na tumbo la analogi ni ndugu. Ni sawa na kuombwa umtambue jogoo ni wa nani baada ya kunyonyolewa.

Programu yako nayo haijui kunyonyoa ni nini. Imefunzwa kwa rekodi safi, ina orodha ya majina, na kazi yake ni kuigawa mia moja kwa majina iliyo nayo. Nafasi ya "hakimo kwenye orodha yangu" haipo, kwa hiyo asilimia 92 maana yake ni kwamba majina mengine yamefanana kidogo zaidi. Nilishaijaribu moja ya aina hiyo. Nilipiga besi ya kiwandani kwenye DX7 yangu, nikairekodi safi, nikaiuliza. Ikasema FM, vizuri. Nikachukua rekodi ileile, nikaishusha hadi biti 8 na sampuli 8,287, nikairudisha. Ikasema Minimoog, tena kwa majivuno zaidi kuliko mara ya kwanza. Chombo kilekile, kidole kilekile, noti ileile.

Jina la sampuli pia usilitegemee. Kichwa cha faili la MOD humpa kila sampuli nafasi ya herufi 22, na watu waliitumia nafasi hiyo kwa kila kitu: salamu kwa marafiki, matusi kwa mahasimu, wimbo ulikamilika tarehe ngapi. Aliyeandika "moogbass" huenda aliona tu inafanana na Moog, au aliikuta na jina hilo kwenye diski ya mwenzake. Tangu Karsten Obarski alipotoa Ultimate Soundtracker mwaka 1987 pamoja na diski ya sampuli ya ST-01, diski hizo zilinakiliwa mkono kwa mkono, na kila mkono ulipunguza, ulikata, ulibadilisha jina. Na mwanzoni mwa mnyororo huenda palikuwa na sampla, mashine ya kurekodi sauti na kuipiga kwa noti, wala si sintesaiza kabisa.

Mfano ambao kila mtu ameusikia ni ule mshindo wa okestra nzima unaopiga mara moja na kukata. Watu hunijia wakiuliza ni sintesaiza gani. Ni okestra! Ilichukuliwa kutoka rekodi ya The Firebird ya Stravinsky, ikaingizwa kwenye sampla ya Fairlight CMI kwa jina ORCH5, ikasikika kwenye wimbo Planet Rock mwaka 1982, na baada ya hapo kila mwenye sampla aliitoa kwenye sahani ya santuri ya mwingine. Ukiikuta ndani ya MOD, unatafuta mashine ipi? Ya kwanza, ya tatu, au ile ya kijana aliyeshika waya kutoka kwenye kaseti?

Ndiyo maana sizitajii vayolini zako jina. Ni baiti 11,904, kama sekunde moja na nusu ukizisoma kwa C-2. Ndani yake hamna noti moja, mna akodi nzima ya mina (minor), noti kadhaa zilizopigwa pamoja. Wenye Amiga walifanya hivyo kwa kubana: chaneli zilikuwa nne tu, na akodi ya noti tatu ingeacha moja kwa ngoma, besi na kila kitu. Ukiwa na noti tatu zilizokorogwa pamoja, kila moja na harmoniki zake, mchanganuo wowote unakuwa uji. Lakini kuna kikubwa zaidi. Kata milisekunde 80 za mwisho, uziongeze sauti mara kumi, usikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Utasikia mkwaruzo mfupi uliokatwa katikati. Hiyo ni hi-hat, matoazi mawili ya seti ya ngoma. Mtu alizinyofoa vayolini kutoka kwenye wimbo uliokwisha kuchanganywa, akachelewa kidogo kukata. Ndani ya wimbo huo huenda mlikuwa na mashine mbili zimepandiana, na mwangwi wa studio juu yake. Juno-106 inaweza kuwa mojawapo, kama mashine nyingine kumi zinavyoweza.

Sasa kulinganisha. Watu hukimbilia spektrogramu (picha za masafa ya sauti) mbili, wakaziweka ubavuni, wakasema zinafanana. Nami nimeshalipia kufanana. Kwa miaka mitatu nilimwapia kila aliyetaka kusikia kwamba pedi fulani (sauti ndefu laini ya nyuma ya wimbo) ni analogi, niliandika hivyo, wengine wakaninukuu. Siku moja nikiwa natengeneza D-50, sintesaiza ya Roland, ya mteja nikabonyeza noti, nikausikia mwanzo wa ile pedi, pumzi kwa pumzi. Roland waliweka kwenye D-50 vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa, hasa vya mianzo, kisha usanisi unaendeleza. Kipande kilichorekodiwa hakibadiliki: ukikipiga leo, ukikipiga kesho, ni kilekile. Nikayalaza mawimbi mawili pamoja, vilele vikakaa juu ya vilele. Nilichokiandika bado kinazunguka mtandaoni, wala hakuna anayesoma marekebisho.

Somo la kiufundi liko kwenye hicho kisichobadilika. Mashine zilizosoma sauti kutoka kwenye kumbukumbu, kama sintesaiza ya Korg M1 ya 1988 au hi-hat za TR-909, mashine ya ngoma ya Roland, hutoa umbo lilelile kila mara, hivyo unaweza kuthibitisha. FM yenye oskileta zinazoanza upya kila unapobonyeza noti nayo hurudia umbo lake karibu sawasawa. Analogi ambayo oskileta zake hukimbia zenyewe muda wote haitoi mawimbi mawili yaliyo sawa hata ukiipiga mara mia. TR-808, mashine nyingine ya ngoma ya Roland, ni hivyo: matoazi yake yanatokana na oskileta sita zisizongoja mtu. Yaani hata kama besi yako ingekuwa kweli Minimoog, uthibitisho wa wimbi kwa wimbi usingepatikana, na anayekuuzia uthibitisho huo anakuuzia upepo.

Kabla ya kulinganisha, tafuta kwanza sauti ilirekodiwa kwa noti ipi. Kwa kubana kumbukumbu watu walirekodi juu kisha wakapiga chini, au waliiweka sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwenye kasi ya 45, wakairudisha chini ndani ya kompyuta. Mtetemo wa noti ndio unaowaumbua: vibrato inayopiga mara mbili na nusu kwa sekunde, ya kizembe namna hiyo, huenda ilikuwa ya mara tano iliyoshushwa oktava nzima. Usipolirekebisha hilo utalinganisha muda wa kuzima usio wake.

Kisha pakua Dexed, programu inayoiga DX7, ni ya bure, nayo inazisoma benki (makusanyo ya sauti) za DX7, sauti 32 kwa baiti 4,104. Piga kila besi kwa noti uliyoikadiria, shusha hadi biti 8 na kasi ileile, weka mwanzo wake sambamba na wa sampuli yako, geuza moja juu chini, uzijumlishe. Zikiwa ni moja, karibu zote zitafutana na kubaki mnong'ono wa biti 8. Zikiwa ndugu tu, zitabaki zinapiga kelele. Ukipata mfutano, una jibu unaloweza kumwonyesha mtu mwingine naye akalirudia. Ukikosa kwenye benki zote za kiwandani, basi aliyeitengeneza alikaa akaipindapinda mwenyewe, au ni DX21 au TX81Z, na orodha inafupika kwa njia ya halali.

Wanaouza vifurushi vya "sampuli halisi za sintesaiza za enzi ile" hawafanyi hata robo ya haya. Wananakili orodha zinazonakiliana, jina moja likikosewa linakosewa kote, na baada ya miaka miwili kosa linaitwa historia. Kisha programu nazo zinafunzwa kwa vifurushi hivyohivyo, na duara linafungika: umeuliza mashine, nayo imekurudishia uvumi wa watu wenye namba pembeni. Ukikuta orodha inayosema "Minimoog" bila kueleza ilirekodiwa kwa noti gani, kasi gani, na imelinganishwa na nini, ifunge.

Kwa besi yako anza na benki ya kwanza ya kiwandani, sauti ya 15, BASS 1, halafu ya 16. Nimeijaribu ya 15 kwa haraka: mwanzo unafutana, mkia haufutani. Nadhani noti niliyoikadiria iko juu kwa nusu toni. Na ukiwa hapo, itazame sampuli ya tisa ambayo hukuiuliza, ile hi-hat ndefu. Nimeilaza juu ya rekodi ya 909 niliyo nayo, na milisekunde 60 za mwanzo vilele vinakaa juu ya vilele.