Sponji isiyo na pampu hupimaje hewa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia mwaka wa tatu, Morogoro. Nimeona picha za vituo vya kufuatilia kemikali za kuzuia moto hewani: bakuli mbili za chuma zimefunikiana, ndani sponji, basi. Hakuna pampu wala umeme. Kama hawajui ni hewa kiasi gani imepita, wanapataje kiwango kwa kila mita ya ujazo? Na je, kwa mradi wangu naweza kukata sponji ya godoro?

Jibu: Marahaba. Nianze na godoro, maana hapo ndipo mradi wako ungefia. Usikate. Sponji ya vituo hivyo ni poliyurethani, jamii moja na ya magodoro na makochi, na makochi mengi, hasa ya Marekani, yalitiwa PBDE (jamii ya kemikali za bromini za kuzuia moto) kwa miaka mingi ili yasishike moto upesi. Ukitumia kipande cha kochi, utapima kochi. Diski za maabara huoshwa kwanza kwa viyeyusho kama asetoni, zikakaushwa, kisha zikafungwa zisiguse hewa wala mwanga. Mwanga una madhara: deka-BDE, mojawapo ya PBDE, huvunjwa na jua.

Sasa pampu. GAPS, mtandao wa dunia wa vituo kama hivyo visivyo na pampu, unaoratibiwa na wanasayansi wa serikali ya Kanada tangu mwisho wa 2004, una vituo hata mahali ambapo umeme ni ndoto. Kemikali iliyo katika hali ya gesi huingia yenyewe kwenye sponji, na maadamu sponji haijakaribia kushiba, kasi yake haibadiliki sana. Bakuli huzuia mvua na jua na kutuliza upepo. Kwa diski ya kawaida, yenye kipenyo cha sentimita 14, makadirio ni mita za ujazo 4 kwa siku. Siku 90 ni mita za ujazo 360. Tuseme maabara imekuta pikogramu (sehemu za trilioni za gramu) 7,200 za BDE-47, mojawapo ya PBDE: gawanya, unapata pikogramu 20 kwa kila mita ya ujazo.

Lakini hiyo 4 usiimeze nzima. Kilimani penye upepo si sawa na uani kwenu. Ndiyo maana diski nyingi hutiwa, kabla ya safari, kiasi kinachojulikana cha kemikali ambazo hewani hazipo. Sponji ikirudi, kilichopungua kinaonyesha kasi halisi ya pale kituoni. Deka-BDE ina usumbufu wake, kwani husafiri imeng'ang'ania chembe za vumbi. Namba zake zisome kwa tahadhari.

Tangu Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, uanze kuzibana PBDE mwaka 2009, na deka-BDE mwaka 2017, viwanda vingi vimehamia vizuia moto vya fosfeti kama TCIPP. Vipimo vya miji mikubwa vinakuta hivi vikiwa juu kuliko PBDE, tena kwa mbali. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayeanza leo aanzie huko.

Ila ujue fosfeti hizo zimo hata kwenye kompyuta na viti vya maabara yako. Kwa hiyo peleka kituoni sponji tupu: ifungue, iweke ndani ya bakuli, itoe hapo hapo, ifunge, irudi maabara pamoja na nyingine. Ikionyesha TCIPP karibu sawa na sponji iliyokaa miezi mitatu, huna matokeo ya hewa, hata kama grafu imependeza.