Rodi ya kwanza Malindi: kila mtu ana lake, wewe umsikize nani?

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma naona vijana wapya pale jeti wanashika shika rodi za watu, wanauliza hii pesa ngapi, hii inatoa samaki gani, na kila wanayemuuliza ana jibu lake. Mmoja ameambiwa rodi ni mambo ya watalii, chukua mshipi wa mkono na ndoana uende zako. Mwingine ameambiwa asiguse kitu chini ya paundi 80, yaani nguvu ya mshipi, manake jodari atamkatia mshipi aende nao. Wa tatu ameambiwa nyepesi ndiyo tamu, wa nne kaambiwa kampuni ni Shimano tu, hizo zingine zote takataka. Mtu anarudi nyumbani kichwa kizito, mwisho wa yote ananunua kile duka lilikuwa nacho siku ile. Mimi nimefanya ubaharia kwenye boti za kuvulia wageni na siku zangu za mapumziko navua kivyangu, na naandika hii kwa yule ambaye ndiyo anaanza, kwa sababu pesa ya rodi na rili, ile mashine ya kuzungushia mshipi, si pesa ya mchezo kwa kijana wa hapa na inaniuma sana nikiona imeenda kwa kitu ambacho hakitamsaidia.

Sasa sikiza. Wale wote hawakudanganyi. Kila mmoja anakwambia kinachomfaa pale anapovulia yeye, na shida ni kwamba hamwambiani ni wapi. Mzee wa Mayungu anayeshuka na ngalawa kuvua changu na tewa kwenye mwamba, yule rodi ya nini, samaki yuko chini yake moja kwa moja, anateremsha risasi ya kuzamishia mshipi na chambo, anahisi mdono kwa kidole kabla rodi yoyote haijapinda. Baharia wa boti kubwa anarambaza, yaani anaburuta chambo nyuma ya boti, maji ya buluu huko nje ambako siku yoyote anaweza kukutana na marlin wa kilo mia na kitu, kwa hivyo paundi 80 na 130 kwake ni lazima, tena ana kiti cha kukalia na mkanda wa kujifungia. Anayerusha kutoka ufuoni upande wa Mambrui anataka rodi ndefu ya futi 10 mpaka 13 ili afike nyuma ya wimbi. Na mwenye duka, jamani, ana mzigo anataka utoke. Kwa hivyo mtu akikwambia nunua hii, kabla hujajibu muulize, wewe unavulia wapi, ukiwa juu ya nini, na mara nyingi unatoa samaki gani. Akishajibu hayo matatu utajua kama ushauri wake ni wako au ni wake mwenyewe.

Halafu ujiulize na wewe hayo hayo. Usijibu unachoota, jibu utakachofanya wiki ijayo. Kama chombo unachopata kupanda ni mashua ya mjomba isiyovuka mwamba, basi rili ya marlin itakuwa pambo la sebuleni.

Kuhusu hizi paundi, manake hapa ndipo watu hubishana mpaka sauti zinapanda. Ile namba kwenye mshipi ni uzito unaoukata ukiwa mpya, hauna fundo. Paundi 30 ni kilo kama 14 hivi. Haimaanishi samaki wa kilo 15 hatoki. Samaki ndani ya maji hana uzito ule wa kwenye mizani, anachokupa ni mvuto, na mvuto unaupimia breki ya rili, ile inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu. Sulisuli wa kilo 25 hutolewa kwa paundi 30 na hata 20, breki inamchosha na boti inamfuata, watu wanafanya hivyo hapa Malindi na Watamu kila msimu. Kwa hivyo yule anayekwambia chini ya 80 ni upuzi, labda kazi yake ni marlin, lakini wewe unayetafuta nguru, mzia, kolekole na felusi unajibebesha mzigo bure. Tena zito lina hatari yake. Rili ya paundi 80 ikikazwa vile inavyotakiwa inavuta kilo 9 mpaka 12, na wewe umesimama kwenye mashua ndogo bila kiti, bila mkanda, sakafu imelowa. Samaki akikimbia chini ya chombo ni wewe ndiye utakayechungulia majini.

Nikiulizwa mimi, rodi ya kwanza ya chomboni iwe ya daraja la paundi 30, urefu futi 6 hivi mpaka 7. Hiyo unarambazia, unateremshia chini, na mkubwa akija kwa bahati utapigana naye kwa heshima. Ya ufuoni ni habari nyingine kabisa, usijaribu kununua moja ifanye kazi zote mbili, fupi haitafika mbali na ndefu itakusumbua chomboni.

Breki sasa. Hii naomba uisome polepole manake samaki wengi wa wageni hupotelea hapa, na mtu akipoteza samaki huwa analaumu mshipi. Kipimo kinachotumika ni breki iachie kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa paundi 30, breki iachie kwenye kilo 4 hivi. Usikisie kwa mkono, mkono unadanganya. Chukua ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, funga ncha ya mshipi kwenye ndoano ya mizani, mwenzako ashike rodi imeinama kidogo vile utakavyoishika ukipigana, wewe vuta mizani pole pole huku unaangalia namba, rili ikianza kutoa mshipi soma hapo hapo. Ni kilo 7? Legeza. Ni 2? Kaza kidogo, rudia. Na usiangalie namba tu, sikiza pia, breki nzuri inaachia laini mfululizo, ile mbaya inashika, inaachia, inashika tena kwa kurukaruka, na kila inaposhika ndipo mshipi hukatika hata kama namba ilikuwa sawa. Kipimo hicho ufanyie dukani kabla hujatoa pesa, mwenye duka akikataa nenda duka lingine.

Halafu kuna jambo hata mabaharia wengine hawalijui. Samaki akikimbia na mshipi, ngoma ya rili inapungua unene, na ikifika nusu ya upana wa mwanzo breki ile ile ambayo hujaigusa inakuwa inavuta mara mbili. Kilo 4 zimekuwa 8 bila wewe kujua, ongeza na mshipi mrefu unaoburuta majini. Sasa mgeni akiona mshipi unaisha anashikwa na hofu anakaza zaidi, tap, umekatika. Hapo hukazi, unalegeza kidogo na nahodha anakigeuza chombo amfuate samaki. Kwa hivyo kabla ya kwenda uelewane na nahodha kabisa, siyo mfundishane samaki akiwa ameshakula.

Ubishi mwingine ni nailoni ama uzi wa kusuka. Wauzaji wanaupenda uzi wa kusuka kwa sababu una bei. Ni mwembamba sana kwa nguvu zake kwa hivyo rili ndogo inabeba mwingi, haunyumbuki, kila mdono unausikia hata chini kabisa. Yote kweli. Lakini kwetu hapa kuna mwamba, na uzi uliokazwa ukigusa matumbawe unakatika mara moja, nailoni nene inakwaruzika lakini inavumilia. Pia nailoni inanyumbuka, kwa mtu anayeanza ambaye bado anavuta kwa pupa huko kunyumbuka kunamwokoa. Mafundo ya uzi wa kusuka nayo yanateleza kama hukufunga yale yanayoufaa. Anza na nailoni. Ina kasoro yake, jua linaiharibu, kwa hivyo usiiache juani, na ukipitisha kucha ukasikia vikwaruzo kata hicho kipande utupe. Fundo lolote lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, likikazwa kavu linajichoma lenyewe. Na kwa nguru na mzia weka waya mbele ya chambo, meno yale hayajali umenunua mshipi wa bei gani.

Kuna uvumi umewachanganya vijana kwamba nailoni imekatazwa na serikali. Kilichokatazwa ni nyavu za nailoni za uzi mmoja, siyo mshipi wa ndoana. Kilichokatazwa pia ni ile bunduki ya kuchomea samaki, na naisema kwa sababu kuna wanaoletewa na wageni kama zawadi wakadhani wamepata bahati. Kuvua na bunduki ya samaki Kenya ni kosa, hata ukiwa huvui cha kuuza. Na ile mbuga ya baharini hapa kwetu, upande wa Casuarina, imetengwa tangu 1968, ndani yake huvui hata na ndoana moja, KWS, shirika la wanyamapori, wakikukuta hakuna cha kujitetea. Kwenye hifadhi inayoizunguka uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Leseni uliza ofisi ya uvuvi, na ujijulishe kwa BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo, ya pale unaposhukia, wale ndio watakaokwambia mipaka iko wapi hasa, ramani ya simu usiitegemee.

Bajeti ikiwa ndogo, na najua ni ndogo, pesa nyingi weka kwenye rili na mshipi, rodi ichukue kinachobaki. Rodi ya wastani yenye pete nzima inavua. Rili ya bei ya kutupa ikila maji ya chumvi msimu mmoja inaganda, meno yanasagika, breki inashika. Kama unataka ya chomboni tafuta ile ya ngoma inayokaa juu ya rodi, inastahimili kurambaza. Ya sipini inayoning'inia chini ni ya kurusha, ndiyo uichukue kwa ufuoni. Jina la kampuni lisikutie wazimu, Penn, Shimano, Daiwa zote zina rili nzuri na zote zina za bei rahisi ambazo hazifanani na hizo nzuri isipokuwa jina. Swali la maana zaidi ni kama kuna fundi hapa mjini anayeijua na vipuri vinapatikana, manake rili inayosubiri kipuri kutoka Nairobi mwezi mzima ni kama huna.

Na kabla ya hiyo rodi yenyewe, mimi nashauri uanze na mshipi wa mkono msimu mmoja. Najua haipendezi kwa picha. Nailoni ya milimita 0.8 mpaka 1, kibao cha kuzungushia, risasi, ndoana kadhaa, umemaliza, na bei yake haikuumizi. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli uvae vidoleni usikatwe, na kamwe usiuzungushe mshipi mkononi, kamwe, hata samaki akiwa mdogo, hujui ni nani atamfuata huyo mdogo akiwa njiani anapanda. Ukitumia mshipi wa mkono vidole vinajifunza tofauti ya tasi anayedonoa na tewa anayemeza, unajifunza lini kuachia na lini kuvuta, na hayo rodi haikufundishi. Tena wazee watakuchukua kwenye vyombo vyao kirahisi zaidi ukija na kibao kuliko ukija na rodi ya futi 7 inayogonga watu vichwa. Salimia vizuri, shikamoo yako iwe mbele, beba maji ya kunywa ya kuwatosha wote, usiulize uliza sehemu zao za siri za kuvulia.

Wengi wenu mtanunua ya mtumba, na si vibaya, wageni wanaoondoka na boti zinazobadilisha vifaa huuza vitu vizuri. Lakini kagua. Chukua kipande cha pamba ukipitishe ndani ya kila pete ya rodi ukizungushe, pamba ikinasa nyuzi basi pete ina ufa, na ufa huo usiouona kwa macho utakula mshipi wako wote. Pinda rodi taratibu usikize kama inalia. Rili, zungusha mkono wake ukiwa umeiweka karibu na sikio, mchanga unasikika. Fungua breki kabisa, ikaze, ifungue tena, iende kwa ulaini njia nzima. Angalia chini ya mguu wa rili pale unapokaa kwenye rodi na kwenye skrubu, unga mweupe mweupe ukiwa umeota hapo ni chumvi imeshaanza kula chuma, na kama imefika hapo nje basi ndani ni mbaya zaidi, mwambie muuzaji aifungue mbele yako. Mshipi uliokuja nao toa wote utupe, weka mpya siku hiyo hiyo. Ukishaanza kuitumia, ukirudi kutoka baharini kaza breki kidogo maji yasiingie, imwagie maji baridi yasiyo na chumvi kwa upole, usipige kwa presha manake presha inaisukuma chumvi ndani, ikauke kivulini, kisha ulegeze breki mpaka siku ya kwenda tena.